Kuwapeleka watoto kasri la Mkama Ndume: Safari inaanzia kwa bibi

MARA ya kwanza, watoto walikaa kwenye magofu ya Pujini kwa dakika 20 tu. Mvulana wa miaka minane alishuka garini, akatazama huku na huku, kisha akamuuliza baba yake swali ambalo wazazi wengi waliowahi kufika pale wanalijua.

"Baba, kasri lenyewe liko wapi?"

Wakati anauliza alikuwa ameegemea ukuta wake.

Baba huyo ni mzaliwa wa Pemba anayefanya biashara ya duka jijini Dar es Salaam. Alikuwa amewaahidi wanawe watatu kwamba likizo ikifika atawapeleka kuona kasri la mfalme. Sasa mtoto wa mjini akisikia kasri, kinachomjia ni lile la kwenye katuni: minara, bendera, lango la chuma na mfalme juu ya kiti cha dhahabu. Walichokikuta ni boma la udongo na mawe lililoota miti, kuta zilizokatika, majani marefu na jua la saa sita. Maji ya kunywa yalikuwa yamesahauliwa nyumbani. Mdogo wa miaka mitatu akaanza kulia. Wakarudi.

Jioni ile, barazani kwa bibi yao, mzaa baba, mvulana alitoa taarifa yake ya safari kwa ufupi: "Bibi, hakuna kitu. Mawe tu."

Bibi aliacha kuchambua mchele. "Mawe tu? Nani kakwambieni ni mawe tu?" Kisha akamgeukia mwanawe. "Kwani wewe hukuwahadithia?"

Baba wa watoto watatu, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, hakuwa na la kujibu. Aliondoka kisiwani akiwa kijana mdogo kwenda kusaidia dukani kwa ami yake, na hadithi ya Mkama Ndume aliijua nusu nusu, kama watu wanavyoijua taarabu ya zamani: kiitikio wanakikumbuka, beti hawana.

"Nami nilidhani ananijua kila kitu," bibi anasema sasa, huku akicheka. "Kumbe hajawahi kuniuliza."

Mwaka uliofuata walirudi tena, na safari ile ya pili ilikula asubuhi nzima. Hakuna aliyeuliza kasri liko wapi.

Mtu aliyekama watu

Magofu ya Pujini yako upande wa mashariki wa kisiwa cha Pemba, kiasi cha kilomita 10 kusini mashariki mwa mji wa Chake Chake. Ni mabaki ya makao ya mtawala aliyeishi karne ya 15, kabla Wareno hawajafika katika pwani hii. Masimulizi yanamtaja kwa jina la Muhammad bin Abdulrahman, lakini jina hilo wengi hawalijui. Wanachokijua ni lakabu yake: Mkama Ndume.

Kwa mtoto wa Dar es Salaam lakabu hiyo ni sauti tu. Kwa bibi ni hadithi nzima. Kukama ni kukamua ng'ombe maziwa. Mkama Ndume ni mtu aliyewakama wanaume, aliyewakamua nguvu zao kama mtu anavyomkamua mnyama mpaka chuchu ikauke. Inasimuliwa kwamba wakati wa kujenga kuta zake aliwalazimisha watu kubeba mawe kichwani huku wakijiburuta kwa makalio. Kusimama hakukuruhusiwa.

Hapo ndipo mzazi anapotakiwa kufikiri kabla ya safari, kwa sababu mtoto hataishia kusikiliza. Atauliza. Binti mkubwa wa familia hii, mwenye miaka 12, aliuliza papo hapo: kwa nini walikubali? Mvulana akataka kujua kama walipewa maji. Baba alitaka kuyapoza, akisema huenda ni hadithi tu za watu wa kale. Bibi akamkatiza.

"Waache waulize. Waliobeba ndio waliotuhadithia sisi. Yeye mwenyewe hakutuachia neno hata moja."

Wataalamu wa mambo ya kale nao wana lao la kusema. Mwanaakiolojia Adria LaViolette wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, alichimba Pujini na wenzake katika miaka ya 1990. Namna mawe yalivyobebwa ni jambo ambalo udongo hauwezi kulithibitisha wala kulikanusha. Lakini mengine yapo ya kushikika: ukuta wa boma na handaki, mabaki ya nyumba za mawe, kisima, na chumba cha chini ya ardhi ambacho ukutani mwake palinakshiwa kwa chokaa umbo la siwa.

Hilo la siwa lisipitwe haraka. Siwa ni lile baragumu kubwa lililopulizwa mbele ya watawala wa Uswahilini, katika kutawazwa, harusi kubwa na mazishi. Siwa ya pembe ya ndovu ya Pate imehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu nchini Kenya, na katika makumbusho ya Zanzibar zilihifadhiwa ngoma na siwa za Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa Unguja ambaye kasri lake la Dunga lilijengwa katikati ya karne ya 19. Mtoto aliyekwisha kuona picha ya siwa kwenye simu ya mama yake, kisha akaambiwa kwamba chini ya ardhi ile pana chumba chenye siwa ukutani, anatembea kwa namna nyingine kabisa.

Boma lenyewe pia si la kawaida. Miji mingi ya kale ya Waswahili ilikuwa na misikiti, makaburi na nyumba za mawe, lakini ngome ya namna ile kabla ya kuja Wareno ni jambo adimu. Ngome ya Fort Jesus ya Mombasa, ambayo watoto huiona vitabuni, ilianza kujengwa mwaka 1593. Ya Pujini ni ya karne moja kabla yake. Mkama Ndume alikuwa anamwogopa nani? Bibi ana jibu lake, kwamba mtu aliyewatendea wenzake vile lazima alale na mlango umefungwa. Wanahistoria wanafikiria zaidi ushindani wa miji ya pwani na biashara ya baharini. Watoto wanaweza kupewa majibu yote mawili wakachagua.

Kuvuka salama

Familia nyingi huingia Pemba kwa boti kupitia bandari ya Mkoani, kusini mwa kisiwa, na wachache kwa ndege zinazotua karibu na Chake Chake. Kwa safari ya Pujini, Chake Chake ndiko kwa kuweka mizigo, maana mji uko katikati ya kisiwa na magari ya kukodi yanapatikana.

Bahari ya Pemba ni ya kina na ina mkondo mkali. Likizo ya katikati ya mwaka nayo huangukia wakati kusi inavuma, kwa hiyo mtoto ambaye hajawahi kupanda boti ajiandae kutapika, na mama yake ajiandae zaidi. Chakula chepesi kabla ya kupanda, kipande cha ndimu cha kunusa, nguo ya akiba na mifuko kadhaa ya karatasi vitasaidia kuliko maneno ya kubembeleza.

Kuna jambo moja ambalo familia za Pemba hazihitaji kukumbushwa, ila wageni wanahitaji. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Karibu kila kijiji kilizika au kilisoma hitima bila maiti. Mzazi akiona chombo kimejaa asione haya kushuka na watoto wake, hata kama nauli imekwisha kulipwa na wenzake wanamcheka.

Masika nayo, kuanzia Machi hadi Mei, si wakati wa magofu. Pemba hupata mvua nyingi, udongo wake unateleza, na majani huwa marefu kuliko mtoto. Kwa familia hii, safari ya kwanza iliharibika kwa sababu ya saa tu: walifika saa sita mchana. Safari ya pili waliondoka saa moja na nusu asubuhi, wakawa wamemaliza kabla jua halijawa kali.

Ijumaa ni bora kuiacha, kwa sababu mwenyeji wa kuwaongoza atataka kuwahi msikitini na watajikuta wanakimbizana. Katika mwezi wa Ramadhani, watoto wadogo wanaokula mchana wataleta usumbufu kwa wenyewe na kwa wengine. Na nguo ziwe za stara kwa mama, baba na mabinti wakubwa. Watu wa Pujini hawatamfukuza mtu, lakini mgeni aliyejisitiri hukaribishwa barazani, na barazani ndiko hadithi ziliko.

Kuhusu gari, njia nyepesi kwa wenye watoto ni kukodi kutoka Chake Chake na kupatana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla ya mtu kupanda. Neno "kusubiri" litamkwe wazi. Familia zimewahi kuachwa.

Kituo cha kwanza

Safari ya pili haikwenda Pujini moja kwa moja. Siku moja kabla, baba aliwapeleka watoto kwenye makumbusho ya Pemba, ndani ya ngome kongwe iliyopo Chake Chake mjini. Si makumbusho makubwa, na hiyo ndiyo sifa yake kwa wazazi: mtoto wa miaka mitatu anaweza kuimaliza kabla hajachoka. Pale watoto walipata kuona kwamba Pujini si pekee. Upo Ras Mkumbuu, wenye gofu la msikiti na makaburi ya nguzo, ambao wataalamu wengi wanaunasibisha na Qanbalu, mji aliouandika msafiri wa Kiarabu al-Masudi katika karne ya 10. Upo Chwaka, karibu na Tumbe kaskazini, wenye kaburi la Haruni, ambaye masimulizi yanasema ni wa uzao wa Mkama Ndume mwenyewe.

Faida nyingine ya kuanzia makumbusho ni kwamba pale mzazi anaweza kuuliza mambo ya kiingilio, hali ya njia na mtu wa kuwaongoza. Mwongozaji ni wa lazima hasa kwa wenye watoto. Bila yeye, handaki linaonekana kama shimo la kawaida na ukuta kama kichuguu.

Kisha bibi akasema naye anakwenda.

Watu walitazamana. Bibi ana umri mkubwa, magoti yanamsumbua, na macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. Anaona mwanga na vivuli. Zaidi ya hayo, maisha yake yote, akiwa amezaliwa na kuolewa si mbali na pale, hakuwahi kuingia ndani ya boma. Utotoni mwake walikatazwa. Palikuwa na wenyewe, waliambiwa, na mtoto wa kike hachezi mahali penye mzimu.

"Na sasa?" mjukuu wa kike alimuuliza.

"Sasa mie mwenyewe karibu nitakuwa mzimu. Watanifanya nini?"

Mkeka chini ya mti

Ndani hakuingia. Walimtandikia mkeka chini ya mti karibu na walipoacha gari, wakamwachia chupa ya chai na mdogo wa miaka mitatu, na hapo ukazuka mpango ambao hakuna aliyeupanga. Watoto wawili wakubwa walikwenda na mwongozaji na baba yao, wakaona kitu, wakarudi mbio kumweleza bibi. Naye aliwaambia ni nini, au alivyosikia yeye kuwa ni nini, na kuwatuma wakaangalie kingine.

"Bibi, kuna kisima!"

"Kina ukuta katikati?"

Walikuwa hawakuangalia. Wakarudi mbio.

Kina. Na hadithi yake ni kwamba Mkama Ndume alikuwa na wake wawili waliochukiana hata kuonana hawataki, akakigawa kisima kwa ukuta ili kila mmoja ateke upande wake. Mmoja alishuka kwa ngazi, mwingine aliteka kwa ndoo na kamba. Mvulana alitaka kujua aliyepewa ngazi alikuwa mke mkubwa au mdogo. Bibi akasema aliyepewa ngazi bila shaka ndiye aliyependwa kidogo, kwa sababu ndiye aliyepanda na kushuka. Binti akapinga: kuvuta kamba ndiko kunakochosha. Mjadala huo haujesha mpaka leo.

"Bibi, kuna kama mto umekauka!"

Hapo bibi aliwaeleza habari ya mfereji, kwamba mfalme alitaka vyombo vya baharini vifike mpaka karibu na ukuta wake, shehena ishushwe mlangoni. Ufuo na mikoko haviko mbali na pale, na baba, ambaye alikuwa kimya muda mrefu, akawaonyesha watoto upande bahari iliko na jinsi jahazi lingeweza kuingia kwa maji ya bamvua. Hilo alilijua. Alikua akivua na baba yake.

Haya yote yalichukua zaidi ya saa tatu. Hakuna simu iliyotolewa mfukoni ila kwa kupiga picha.

Wapo wazazi watakaosema wao hawana bibi Pemba. Ni kweli, na si lazima awe wa kuzaa. Mzee yeyote wa kijijini aliyefikiwa kwa adabu, kwa salamu ndefu ya Kipemba isiyo na haraka, na mkononi mgeni ana kitu kidogo kama sukari au majani ya chai, ana uwezekano mkubwa wa kusimulia. Wengine watatofautiana naye katika jina, katika idadi ya wake, katika mwisho wa mfalme. Si kosa la mtu. Hadithi iliyokaa midomoni miaka 500 na ushei haiwezi kubaki na sura moja.

Yasiyo ya mchezo

Baba alipata mshtuko mmoja. Mvulana alipanda juu ya kipande cha ukuta ili bibi "amwone", akakanyaga jiwe lililolegea, likaporomoka pamoja naye. Alichubuka goti tu. Lakini ukuta wa chokaa na mawe ya matumbawe ulioliwa na mizizi kwa karne nyingi si ngazi, na Zanzibar imekwisha kulipa kwa somo hilo: Desemba 25, 2020, sehemu ya jumba la Beit el Ajaib mjini Unguja, lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sultan Barghash, iliporomoka na kuua watu wawili. Na hilo ni jumba ambalo maelfu walikuwa wakilitembelea.

Kwa hiyo mtoto asipande kuta, asiinamie kisima bila kushikwa, na asiingie chumba cha chini ya ardhi mwongozaji asipokuwa naye. Viatu vifunike vidole, kwa ajili ya miiba na siafu. Suruali ndefu ni bora kuliko kaptula, na yeyote aliyewahi kuguswa na upupu hatahitaji maelezo. Maji yawe mengi kuliko inavyodhaniwa. Pale hakuna duka wala choo cha kutegemea, hivyo haja zimalizwe kabla ya kuondoka Chake Chake.

Watoto wakikuta kitu kimewekwa kama sadaka, kitambaa au kipande cha chetezo, wasikiguse wala wasicheke. Na vigae vya vyungu vilivyolala chini vibaki vilipo. Mvulana wa familia hii alikuwa ametia kimoja mfukoni, na dada yake ndiye aliyemsemea. Baba alimrudisha mpaka pale pale alipokiokota. Ilichukua muda kupakumbuka, na dereva alikuwa ameanza kupiga honi.

Walirudi kwa bibi saa sita kasoro, wakala wali na samaki wa kupaka. Baada ya chakula, mvulana alichukua mto wa kulalia, akauweka kichwani, akakaa chini na kuanza kujiburuta kwa makalio kutoka baraza ya mbele, akikusudia kufika jikoni uani. Dada yake alihesabu kwa sauti. Mdogo naye akachukua kanga, akajitwisha, akafuata nyuma.

Bibi hakuwaona vizuri, ila alisikia suruali ikikwaruza sakafu. "Usisimame!" alimwambia. "Ukisimama tu, mfalme kakuona!"

Mvulana alifika kwenye mlango wa chumba cha pili, nusu ya njia, akautupa mto, akalala chali akihema. Mto ulikuwa wa sufi.